Muulize Anti: Bango limepauka na mlango bado umefungwa

Mwezi uliopita niliandika mistari miwili tu hapa kuhusu jengo moja la Eastlands ambalo lilitakiwa liwe mkahawa na mpaka leo ni mabati na bango, nikauliza kama kuna msomaji mwingine ako na jengo kama hilo mtaani kwake. Sikutarajia barua zingekuwa nyingi hivyo. Zimetoka Umoja, Roysambu, Utawala, South B, hadi Dagoretti Corner. Nimechagua nne, na ya mwisho ndiyo ilininyima usingizi.

Anti habari yako. Mimi nauza chapati na madondo hapa Donholm, kibanda changu kinatazamana moja kwa moja na jengo la ghorofa moja ambalo tuliambiwa ni mkahawa mkubwa, ati utakuwa na mahali pa watoto kuchezea na kahawa ya mashine na nyama choma huko nyuma. Walichimba msingi 2019 nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, saa hii huyo mtoto yuko gredi ya kwanza. Bango lilisema tunafungua Desemba, halikusema Desemba ya mwaka gani. 2020 walisimama nikaelewa ni juu ya korona, 2021 wakaweka madirisha, 2022 wakapiga rangi na nikaona hata viti vikishushwa kwa kanta, halafu kimya. Mwaka jana wakarudi wakang'oa taili zote zile mpya wakaweka zingine!! Wengine wanasema ni pesa chafu, wengine mwenyewe alikufa, wengine wanasema ploti iko na jini. Shida yangu mimi ni moja, mlinzi wa hapo aliniambia wakifungua lazima nitoke juu naharibu sura ya mbele, kwa hivyo miaka sita sijaweka hata bati jipya, sijanunua benchi, nangoja kufukuzwa. Nifanye nini? Na kwani mkahawa mmoja unajengwa miaka mingapi?
*Mama Chapo, Donholm*

Mama Chapo, barua yako nimeisoma mara tatu. Wacha nianze na taili kwa sababu hapo ndipo umenipa jibu bila kujua.

Mtu hang'oi taili mpya kwa raha zake. Mimi nimeendesha hoteli miaka 17, ndogo ya meza tisa, na nakuambia taili mpya zikivunjwa mara nyingi tatizo liko chini yake, kwa mabomba. Jikoni ya biashara si kama ya nyumbani. Sakafu inatakiwa iwe na mteremko na mfereji ili maji yakimwagwa yatoke, sinki ya kuoshea vyombo isiwe ndiyo ya kuoshea mikono, na kabla maji machafu yaingie kwa laini ya maji taka yapite kwa shimo la kunasa mafuta, kwa sababu mafuta ya chipsi yakiingia kwa bomba yanaganda na mtaa mzima unaziba. Sasa fundi wa kujenga nyumba za kupangisha huwa hafikirii haya, yeye anamwaga zege, anaweka taili, anapiga picha anatumia mwenyewe, kila mtu anafurahi. Halafu siku ya kuitisha leseni anakuja afisa wa afya wa kaunti anaangalia chini, anauliza mfereji uko wapi, na hakuna. Hapo unavunja. Sikuapii kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa hilo jengo, sijaingia ndani, lakini kama ningeweka pesa yangu mahali ningeiweka hapo.

Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mikahawa kukaa miaka, watu wanamaliza kile kinachoonekana na macho kwanza, rangi, viti, taa za kuning'inia, na kile kisichoonekana kinangoja mwisho. Kisichoonekana ni kingi. Kama ploti iliandikishwa kuwa ya makazi lazima kuwe na kibali cha kubadilisha matumizi yake, na notisi inawekwa ili majirani wenye pingamizi waseme. Ujenzi wenyewe unasajiliwa na NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi, na mradi mwingine unahitaji leseni ya NEMA, wale wa mazingira. Idara ya zimamoto inataka kuona mitungi ya gesi iko nje na mlango wa pili wa kutokea. Stima ndiyo imeua wengi, jengo limeunganishwa na ile laini ya kawaida ya nyumbani halafu mwenyewe ananunua oveni na friji kubwa na mashine ya kahawa zinazotaka fezi tatu, yaani laini ya stima yenye nguvu zaidi, anaenda kuomba, anaambiwa transfoma ya hapo imejaa. Unangoja. Na ukingoja kodi haingoji.

Halafu kulikuwa na mambo ya nchi. Kafyu ya korona ilianza tarehe 27 Machi 2020 na haikutolewa hadi Oktoba 2021, huo ni mwaka mmoja na nusu na zaidi, nani angefungua mkahawa wa nyama choma usiku hapo katikati? Baadaye shilingi ikaanguka. Mwanzo wa 2022 dola ilikuwa kama 113, Januari 2024 ikafika karibu 160. Vyombo vya jikoni kubwa vingi ni vya kuagiza nje, kwa hivyo oveni ya dola 8,000 iliyokuwa laki tisa na elfu nne ikawa milioni moja na laki mbili na elfu themanini, oveni ni ile ile. Dola ilishuka tena kufika katikati ya 2024, ikatulia karibu 129, lakini kuna watu walikuwa wameshamaliza akiba kwa kodi. Nikiona umesema walirudi mwaka jana naona mtu aliyevuta pumzi akajaribu tena.

Kuhusu pesa chafu, mimi na wewe hatuna ushahidi na ni vibaya kumchafulia mtu jina bure. Lakini hata ukifikiria tu, mtu anayetaka kusafisha pesa kwa mkahawa anahitaji ufunguliwe, ndio aseme leo nimeuza sahani mia tano kumbe ameuza hamsini. Mlango uliofungwa hauna mauzo ya kusingizia. Na jini tumwachie wenye kuhadithia.

Ukitaka kujua ukweli kuna bango lingine, si lile la Desemba, ni lile la mjengo, linatakiwa liwe na jina la mkandarasi na msanifu na nambari ya usajili ya NCA. Andika hizo. Pia angalia ukuta kama kuna X nyekundu, hiyo ndiyo alama ambayo wakaguzi huwa wanaweka wakipata jengo lina shida. Angalia pia mto uko umbali gani, kwa sababu watu hawajasahau Agosti 2018 vile Ukay Centre ya Westlands ilibomolewa kwa kukaa kwa njia ya mto, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali ilisema watu watoke ndani ya mita 30 kutoka mtoni, hakuna mwenye pesa anataka kumalizia jengo likiwa hapo. Na kama bado una swali, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu wewe mwananchi wa kawaida uandikie kaunti uulize kama ploti hiyo imeidhinishwa kuwa mkahawa, na wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Barua ya mkono inatosha, weka nakala yako yenye muhuri wa kupokelewa.

Sasa kibanda. Hapa ndipo nimeumia mamangu. Mlinzi hana uwezo wa kukutoa na hata tajiri wake hana, ardhi ya mbele ya lango lake si yake. Kama umekaa kwa hifadhi ya barabara wenye uwezo ni kaunti na mamlaka ya barabara, na hao wanaweza kuja mkahawa ufunguliwe au usifunguliwe, sitakudanganya. Lakini hilo halijabadilika tangu siku ya kwanza ulipowasha jiko. Miaka sita umekaa bila benchi juu ya neno la mlinzi! Nunua benchi mama. Nunua bati lakini lifunge kwa namna ya kufungulika, meza ya kukunjika, vitu ambavyo siku ya kuhama unabeba kwa mkokoteni mmoja. Chukua cheti chako cha afya kama huna, kinapimwa kila miezi sita, na ulipe kile unacholipa kaunti upewe risiti uziweke pamoja. Na fikiria hivi, huyo jirani akifungua atakuwa na wapishi na wahudumu na walinzi, na wafanyakazi wa mkahawa hawanunui chakula cha mkahawa wao, bei hawawezi. Watakula wapi saa saba? Hapo kwako.

Sasa Anti. Nilimaliza kozi ya upishi 2023, mwaka jana mwezi wa sita nikaitwa intavyuu ya mkahawa mpya upande wa Kasarani, jengo limekamilika kabisa ukiona, nikapewa barua ya kazi, tukaambiwa kila mtu atoe 7,500 ya yunifomu na medikali. Tulikuwa vijana 14. Mpaka leo haujafunguliwa, nikipiga simu naambiwa wiki ijayo, nimekataa kazi mbili juu ya hiyo barua. Nikiachana nao si nitapoteza nafasi na pesa?
*Mpishi bila jiko, Zimmerman*

Kijana wangu nafasi hujapoteza kwa sababu haikuwa imefika. Isome hiyo barua tena polepole, ina tarehe ya kuanza? Kama imesema utaanza tukifungua bila tarehe basi hawajakuahidi siku hata moja ya mshahara. Chukua kazi ya kwanza itakayokuja kesho asubuhi, hata ya kukaanga viazi Githurai, mkono wa mpishi ukikaa mwaka bila kisu unakuwa mzito, mimi naona vijana wanakuja kuomba kazi kwangu wana cheti kizuri na hawawezi tena kukata kitunguu kwa kasi.

Pesa sasa. 7,500 mara 14 ni 105,000, hiyo si pesa ya chai, na mtu anayeitisha watoto wasio na kazi walipe ndio wapewe kazi amefanya kitu kibaya hata kama alikuwa na nia ya kufungua. Uliza yunifomu iko wapi. Uliza medikali ilifanywa wapi, kwa sababu cheti cha afya cha mshika chakula kinadumu miezi sita pekee, hata kama mlipimwa mwezi huo wa sita, kilikufa Desemba. Waandikie barua ya kudai mrudishiwe, muwape siku 14, mtie sahihi wote mnaokubali, na mweke ujumbe wa M-Pesa salama mahali zaidi ya simu moja. Wakinyamaza kuna Mahakama ya Madai Madogo, Milimani iko, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Watu wanaogopa neno mahakama lakini hii ilianzishwa kwa ajili ya watu kama nyinyi.

Anti, kuna mkahawa unajengwa karibu na shule ya msingi ya watoto wetu huku South B, ni kama mwaka wa tatu sasa, lakini nikichungulia ndani naona kaunta ndefu na rafu nyingi za chupa. Nahisi hawafungui kwa sababu wanangoja leseni ya pombe. Sisi wazazi tunaweza kusema kitu au ni mpaka wafungue?
*Baba Tasha*

Semeni sasa. Sheria ya vileo ya 2010 inakataza baa ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto wa chini ya miaka 18, na Nairobi ina sheria yake ya 2014 na kamati zake za kutoa leseni mitaani, wakazi wana haki ya kupinga ombi kabla leseni haijatoka. Ikishatoka ni kazi ngumu zaidi. Pimeni umbali kutoka lango hadi lango, mchukue na simu picha ya ramani, kamati ya wazazi iandike barua ipeleke kwa ofisi ya kaunti ndogo na nakala kwa chifu. Lakini nenda kwanza umsalimie mwenyewe umuulize. Inawezekana hizo rafu ni za juisi na maji, na kama ni hivyo mtoto wako atakuwa na mahali pazuri pa kula samosa.

Anti shikamoo. Mimi sijui kama utachapisha hii. Mimi ndiye mwenye ule mkahawa. Si ule wa kwako, ni mwingine, huku Utawala, lakini nilivyosoma ile mistari yako miwili nililia juu nilijiona. Nilifanya kazi Qatar miaka tisa, nikarudi na akiba, Machi 2022 nikachukua nafasi chini ya jengo jipya la vyumba vya kupangisha. Gudwili, ile pesa ya kupewa nafasi tu, nilitoa 600,000. Kodi 85,000 kwa mwezi, nikapewa miezi mitatu bila kulipa ya kujenga, nikadhani inatosha. Mkataba ni wa miaka mitano na miezi mitatu. Nikajenga kaunta, nikaweka taili, dari, taa, nikanunua viti 60. Halafu huku hakuna laini ya maji taka ni shimo, na shimo la jengo ni la wapangaji, nikaambiwa na afya mkahawa wa watu 60 hautoshei hapo. Wapangaji wa juu wakalalamika moshi wa majaribio ukaingia kwao, nikaambiwa niweke bomba la moshi hadi juu ya paa, ghorofa tano. Pesa ikaisha hapo. Nilikuwa naenda naacha, naenda naacha, nikipata kitu nafanya kidogo. Majirani wanacheka, mama yangu anaulizwa kanisani. Sasa kuna benki imekubali kunipa milioni 1.8 nilipe kwa miezi 36, nimalize kila kitu. Dada yangu anasema niuze viti niachane nayo. Anti nisaidie.
*Aliyerudi, Utawala*

Marahaba mwanangu. Na pole. Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikaenda hadi nikamuuliza wakili ninayemjua, bila kutaja jina lako wala mtaa.

Kwanza nataka wasomaji wote wanaopita kando ya majengo kama haya wakisema jini wajue kuna mtu ndani. Wewe ulisimama jikoni za watu kwa joto miaka tisa ukituma pesa nyumbani, ukarudi ukataka kuwa na mlango wako. Hakuna aibu hapo. Mimi mwenyewe hoteli yangu ya kwanza nililipia miezi tisa kabla ya kuuza kikombe cha kwanza cha chai, mwenye jengo aliniahidi maji yataunganishwa Ijumaa na Ijumaa zikapita 38, nilikuwa nikiamka usiku nahesabu.

Tuhesabu zako basi. Umetoka Machi 2022, toa miezi mitatu ya bure, hadi Oktoba hii ya 2025 ni miezi 41, mara 85,000 ni 3,485,000. Sijaongeza gudwili. Najua hukulipa yote kwa wakati, hukusema lakini hakuna angeweza, kwa hivyo kitu cha kwanza kabla ya benki ni ujue unadaiwa kodi ngapi kwa maandishi, maana ukifungua tu mkahawa ukajaa watu siku hiyo ndiyo dalali anakuja kubeba viti.

Cha pili ni mkataba, na hapa nakuomba usome taratibu. Kenya kuna sheria ya zamani ya wenye majengo na wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Mpangaji ambaye hana mkataba wa maandishi, au ana wa miaka mitano kurudi chini, sheria hiyo inamlinda, hawezi kuongezewa kodi wala kutolewa hivi hivi, lazima apewe notisi rasmi ya miezi miwili kwenda juu na akitaka anaenda kwa Baraza la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo maana wenye majengo Nairobi wanapenda sana miaka mitano na miezi mitatu. Ile miezi mitatu wewe uliiona kama zawadi, kazi yake ni kukutoa ndani ya huo ulinzi. Ila wakili akaniambia kitu, kama ndani ya mkataba kuna kipengele kinachoruhusu upande wowote kuuvunja kabla ya miaka mitano hata bila kosa la mtu, basi sheria inakurudisha ndani hata kama umeandikwa mrefu. Kwa hivyo tafuta ukurasa wa kuvunja mkataba. Peleka kwa wakili wako, lipa hiyo ada, ni pesa ndogo kuliko taili.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi. Miaka mitano na miezi mitatu kutoka Machi 2022 inaisha mwisho wa Mei 2027. Umebakisha miezi 19. Benki inakupa miezi 36. Unaona? Utakuwa unalipa mkopo mwaka mmoja na miezi mitano baada ya mkataba kwisha, kwa bomba la moshi lililokwama kwa ukuta wa mtu mwingine. Bomba la ghorofa tano huwezi kuling'oa ukaenda nalo. Shimo jipya la maji taka huwezi kubeba. Ukiongeza maisha ya hilo jengo kwa pesa ya mkopo halafu mwenyewe akakuambia kodi mpya ni 150,000 utasema nini?

Kwa hivyo usisaini mkopo wiki hii. Nenda kwa mwenye jengo na hiyo hesabu, mkae chini, na umwambie ukweli kwamba mlango uliofungwa miaka mitatu unamharibia yeye pia, wapangaji wa juu wanauliza, duka la pembeni halipati watu. Mwombe vitu vitatu kwa maandishi: mkataba mpya unaoanza siku ya kufungua, shimo la maji taka lichimbwe na yeye au mgawane kwa sababu litabaki kuwa mali yake, na deni la kodi ligawanywe kidogo kidogo juu ya kodi ya kila mwezi. Akikataa vyote vitatu basi umejua umekaa na mtu wa aina gani, na hapo dada yako ako sawa, uza viti, usiongeze hata msumari.

Akikubali hata kimoja, punguza ndoto kidogo. Kosa si la kutamani, kosa ni kwamba uliitisha leseni ya watu 60 kwa shimo la wapangaji. Viti 60 unauza 40 hata leo, kuna watu wanafungua kila wiki wanatafuta. Rudi kwa afisa wa afya umuulize watu 20 na vyoo viwili na bila kukaanga mafuta mengi inawezekana? Chai, mandazi ya oveni, pilau inayopikwa mara moja asubuhi, kuku wa kuchemsha, matunda, kahawa. Huna moshi wa choma, huna sufuria za mafuta ya chipsi, bomba la ghorofa tano linaweza kungoja au lisihitajike kabisa, na huyo wa juu anayelalamika atashuka kununua chai. Choma utauza mwaka ambao utakuwa na ukumbi wa kwako, huko Utawala ploti bado zipo. Uliza lori la kunyonya maji taka ni bei gani kwa mara moja na litakuja mara ngapi kwa mwezi ukiwa na watu 20, hiyo iingie kwa hesabu kama kodi, watu wengi wa huko mtaani kwenu wanaisahau na ndiyo inawamaliza.

Na bango lako, kama limeandikwa tarehe, literemshe leo. Weka kipande cha karatasi mlangoni useme mkahawa huu unashughulikiwa, na nambari ya simu. Utashangaa ni nani atapiga, wengine wanataka nafasi ya kufanyia mkutano wa chama Jumamosi mchana, hiyo haihitaji jiko, unawakodishia viti na unaleta chai kutoka kwa jirani mwenye leseni, ni elfu mbili tatu lakini ni pesa ya kwanza kuingia kwa huo mlango tangu 2022. Muulize mwenye jengo kwanza kama mkataba unaruhusu.

Kuhusu kanisani, mwambie mama aseme tu mtoto wangu anajenga. Ni kweli.

Kabla sijakwambia lolote zaidi juu ya hiyo 1.8 nahitaji kujua mambo mawili. Deni la kodi ni ngapi hasa, na je, kuna kipengele cha kuvunja mkataba? Niandikie ukishapata. Hiyo barua nitaijibu hata kama haitachapishwa.